Namna ya kuujadili usajili wa timu ya besiboli msimu ukiisha, barazani wasikucheke

Kofia niliinunua mitumba ya Mwanakwerekwe, buluu ilokoza, mbele ina herufi S imekaa juu ya dira. Mimi kwa akili zangu nikajua hii kofia ya meli. Nikaivaa mwaka mzima naenda nayo mpaka bandarini, hadi siku moja pale Forodhani mgeni mmoja wa Kimarekani akanipigia makelele kwa furaha utadhani kaniona ndugu yake kapotea miaka, ndo nikaambiwa hii ni timu ya besiboli, Seattle Mariners, yani Mabaharia wa Seattle. Basi kumbe sikukosea sana. Nikaanza kuwafatilia hivohivo kwa sababu ya kofia, na nusu ya vijana wa Michenzani wanavaa NY ya Yankees hawajui hata kama ni timu, kwa hiyo msinicheke.

Sasa tatizo liko hapa. Nimeshawaambukiza watu wanne watano barazani kwetu Kikwajuni, na kila ikifika Novemba msimu umekwisha linaanza zogo la usajili, fulani kaachwa, fulani kachukuliwa, na watu wanaongea vilevile wanavyoongea Simba na Yanga, jina kubwa likiingia tushakuwa mabingwa, jina kubwa likitoka timu imekufa tuisomee hitma. Besiboli haiendi hivo. Nimekosea mwenyewe mara nyingi na nimewalipia watu kahawa na kashata mpaka basi, haya ninayoandika ni ya mtu aliyelipa.

Wiki ya mwanzo nyamaza

Hii naiweka mbele makusudi. Tarehe 21 Oktoba 2025, huku kwetu alfajiri, kule Toronto bado usiku wa tarehe 20, mechi ya saba na ya mwisho ya kutafuta nani aende fainali. Mariners tangu waanze 1977 hawajawahi kucheza fainali hata mara moja. Tunaongoza 3-1. Nimekwenda kusali nimerudi bado 3-1, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, ami yangu kakaa pembeni na tasbihi mkononi anajidai haangalii. Zamu ya saba kati ya tisa, Toronto wana watu wawili kwenye besi (vituo vya kukimbilia), kocha anamtoa mrushaji wetu, yule anayemrushia mpigaji mpira, Bryan Woo anamuingiza Eduard Bazardo, na yule wetu wa kufungia mechi, Andrés Muñoz, kamuacha akiba. George Springer akaupiga ule mpira ukaenda zake mpaka kwa watazamaji, pointi tatu kwa pigo moja, 4-3, na ndo ikaishia hapo.

Ami akasema neno moja tu, "Atemwe." Nikamuuliza nani ami, akasema "Wote."

Na mimi nilikuwa naye kabisa. Lakini kaa ufikiri, Bazardo msimu mzima alikuwa katika watu waliotubeba, na mpira mmoja mbovu haufuti mechi 162. Mechi 162 kwa msimu sheikh, si 30 kama ligi kuu ya bara. Mtu anacheza karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, sasa wewe unataka kumhukumu kwa alfajiri moja uliyokosa usingizi. Kwa hiyo hatua ya mwanzo ni kunyamaza, siku saba hivi. Watukane kimoyomoyo ukitaka ila usitaje jina la mtu wa kuachwa, na wala hukosi kitu, mana kwa kanuni zao mchezaji huru hasaini na timu mpya mpaka zipite siku tano fainali imekwisha.

Jua saa zao na tarehe zao

Mechi za usiku za Seattle nyumbani kwao nyingi zinaanza saa kumi na dakika arobaini alfajiri yetu, yani mtu unaamka kwa ajili ya sala unakuta wameshaingia uwanjani, mimi naona hii ni timu iliyopangiwa watu wa Unguja. Ila habari za usajili haziji kwa saa. Zinatoka mchana wao au jioni yao, wewe unaamka unakuta kauzwa mtu uliyelala unampenda.

Kitu cha kuelewa ni kwamba hakuna dirisha. Sisi tumezoea dirisha dogo dirisha kubwa, siku ya mwisho watu wanakesha. Wao wakimaliza fainali, mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, mlango uko wazi moja kwa moja. Novemba timu zinaamua nani zimuendeleze na nani zimuache, Disemba kuna mkutano wa viongozi wa timu zote 30 siku chache hotelini na hapo ndo tetesi zinatoka kama mvua za vuli, Januari wakati sisi tuko Amaan na Kombe la Mapinduzi wao wanaendelea kuvutana bei, katikati ya Februari warushaji na wadakaji wanaingia kambini. Na hata hapo mtu bado anasaini. Alex Bregman, jina kubwa kweli, alisaini Boston Februari 2025 kambi zinafunguliwa. Kwa hiyo ukimsikia mtu Disemba anasema "tumeshamaliza tumekosa" muulize kaambiwa na nani.

Nani kafungwa na nani yuko huru

Hapa ndo watu wanajikwaa, mana tunachukua mambo ya mpira wa miguu tunayapeleka kule mzimamzima. Mnaikumbuka ya Fei Toto, mwisho wa 2022 anataka kutoka Yanga mambo yakavutana mpaka 2023 akaishia Azam, hapa kila mtu akawa mwanasheria. Besiboli mvutano kama ule hauna nafasi, mana mchezaji hana mlango wa kutokea.

Iko hivi. Kijana akipanda ligi kuu, timu yake inammiliki miaka sita ya utumishi. Mitatu ya mwanzo kwa kawaida analipwa karibu na kima cha chini, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 760,000, ndio ni pesa nyingi kwangu mimi na wewe ila kwa nyota anayefunga kila siku ni bure. Mitatu inayofata anaruhusiwa kudai, wasipoelewana na timu kesi inakwenda kwa wasuluhishi watatu, mchezaji ana tarakimu yake na timu ina tarakimu yake, wale wanachagua moja kati ya hizo mbili, kukata katikati hawaruhusiwi. Hii mimi inanifurahisha sana mana inamfanya kila mmoja asitaje bei ya kijinga. Baada ya sita ndo anakuwa mchezaji huru, aende anakotaka.

Na kabla ya hapo timu inaweza kumbadilisha na mwengine bila kumuuliza. Analala Seattle anaamka ni wa Cincinnati. Pesa ya uhamisho kama mpira si desturi, kwa kawaida ni mtu kwa mtu, au mtu kwa watoto watatu wa ligi ndogo, yani timu za chini zinazolea vijana. Anayeweza kukataa ni yule aliyeandikiwa kwenye mkataba, au aliyemaliza miaka kumi kwenye ligi na mitano ya mwisho kaichezea timu hiyohiyo.

Sasa kwa nini nakuelezea yote haya. Kwa sababu kabla hujafungua mdomo kusema "kwa nini wamemuuza" inabidi ujue kabakisha muda gani. Mtu akibakisha mwaka mmoja na hataki kuongeza, timu ina mawili tu, imbadilishe sasa ipate kitu au isubiri aondoke ibaki karibu mikono mitupu. Ukiwa hujui hilo unapiga kelele tu. Ukiwa unalijua, swali lako linakuwa jengine kabisa, wamepata nini badala yake na kwa nini hawakuzungumza naye miaka miwili nyuma. Hilo ndo swali la mtu mzima.

Andika mapengo kabla hujasikia majina

Hii ndo kazi yenyewe, hapa kaa sana.

Chukua karatasi chora kiwanja. Mdakaji, besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yule wa kati ya ya pili na ya tatu, watatu wa nyuma, na mpigaji asiyedaka. Pembeni andika warushaji watano wa kuanza mechi, halafu wa kumalizia. Kikosi ni watu 26. Kila nafasi weka jina la aliyepo, umri wake, na miaka iliyobaki. Pale pasipo na jina, au penye jina unaloliandika huku umekunja uso, tia duara. Hayo ndo mapengo. Yawe mawili, matatu. Ukipata saba basi ama timu yako mbovu kweli ama wewe bado una hasira za Oktoba, rudi ukae tena wiki.

Kisha kila habari ikija, usiulize "ni mkubwa?" Uliza "kaziba duara lipi?"

Nitakupa mfano ambao kila nikiusimulia wazee wanaacha kete za bao wanasikiliza. Mariners walikuwa na wachezaji watatu wa kutisha. Randy Johnson mrushaji, wakambadilisha Julai 1998. Ken Griffey, kipenzi cha mji mzima, yeye mwenyewe akataka kuondoka, wakampeleka Cincinnati Februari 2000. Alex Rodriguez akawa huru, Disemba 2000 akachukuliwa na Texas kwa dola milioni 252 miaka kumi, mkataba ambao kwa wakati ule hakuna aliyewahi kuuona. Watatu ndani ya miaka isofika mitatu. Ungekuwa barazani kwetu siku hiyo ungesikia vilio.

Baridi hiyohiyo Seattle wakafanya mambo mawili. Wakamleta kutoka Japani mtu mwembamba anaitwa Ichiro Suzuki, ambapo kabla yake hakuna Mjapani asiye mrushaji aliyewahi kucheza ligi kuu ya Marekani, watu wakasema atavunjika. Na wakamsaini Bret Boone wa besi ya pili kwa mkataba wa mwaka mmoja, habari iliyopita kimya kama mtu aliyeingia mskitini kachelewa. Msimu wa 2001 Ichiro kapiga mipira safi 242 ya kumfikisha kwenye besi akachukua tuzo ya mchezaji bora na ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza kwa pamoja, Boone kapiga homurani (mpira unaopigwa ukatoka nje ya kiwanja kama ule wa Springer) 37, na timu ikashinda mechi 116 ikaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya 1906. Mia moja na kumi na sita, bila hata mmoja kati ya wale watatu.

Na Texas? Rodriguez alicheza vizuri mno, homurani 52 mwaka wa kwanza, 57 wa pili, wa tatu akawa mchezaji bora. Timu ikamaliza ya mwisho kwenye kundi lake miaka yote mitatu, mana pengo lao lilikuwa warushaji na wao wamenunua mpigaji. Ndo nnachokwambia. Jina lilikuwa la kweli, duara lilikuwa lisilo.

Sisi hapa tusijifanye hatulijui hili, tarehe 13 Januari 2024 Mlandege wamewafunga Simba 1-0 fainali ya Mapinduzi, pale nani alikuwa na majina?

(Kwa wale watakaosema "lakini 2001 hawakuchukua kombe", kweli, Yankees waliwatoa kabla ya fainali. Na baada ya hapo wakakaa misimu 20 hawajaingia hata mtoano, mpaka 2022. Usajili mzuri unakupa msimu, haukupi Oktoba.)

Umri, na mwaka wa mkataba

Mtu akisaini, jambo la kwanza angalia kazaliwa lini, si kafunga ngapi. Mpigaji akishapita 32 anaanza kushuka, si wote ila wengi, na mikataba mirefu inalipia miaka ambayo mtu atakuwa anakimbia kama amebeba gunia la karafuu. Disemba 2013 Mariners walimsaini Robinson Canó, umri 31, miaka kumi, dola milioni 240. Kumi ongeza kwenye 31 uone. Hakucheza vibaya, ila miaka mitano aliyokaa hawakuingia mtoano hata mara moja, wakampeleka Mets Disemba 2018, na Mets wakamuacha Mei 2022 mkataba bado haujesha.

Na kuna ugonjwa wa mwaka wa mkataba. Mtu anajua mwisho wa msimu huu yuko huru basi anacheza kama kapagawa. Adrián Beltré 2004 kapiga homurani 48 akiwa Dodgers, Seattle wakampa dola milioni 64 kwa miaka mitano, mwaka wa mbele kapiga 19. Kumi na tisa! Sisemi alikuwa mbovu, mana baadae alikwenda kung'ara Texas na 2024 akaingia kwenye jumba la magwiji, ila walionunua walinunua mwaka mmoja wakidhani ni desturi. Wewe angalia miaka mitatu iliyopita kwa pamoja, gawa, hiyo ndo bei ya mtu.

Kiwanja kinadanganya

Fupi tu hii. Kiwanja cha Seattle ni kigumu kwa wapigaji, ubaridi wa bahari unaurudisha mpira, homurani ya kwengine pale inadakwa. Kwa hiyo mpigaji akionekana wa wastani pale usimtukane haraka. Teoscar Hernández alicheza 2023 akapiga 26, wakamuacha aende bila hata kumpa ofa ya mwaka mmoja ambayo timu inaruhusiwa kumpa anayekuwa huru, akenda Dodgers 2024 kapiga 33 na ubingwa akachukua. Kinyume chake mrushaji akionekana malaika pale, uliza akitoka nje anakuwaje.

Watoto wa ligi ndogo, usiwatoe sadaka

Mashabiki tuna tabia moja, kila mwezi wa Januari tunasema "toa watoto lete mtu mzima, tunataka ubingwa sasa hivi". Mimi pia nimewahi kusema, tena kwa sauti. Nenda kasome ya Februari 2008. Mariners 2007 wameshinda mechi 88, wakajiona bado mrushaji mmoja tu. Wakamfata Erik Bedard wa Baltimore wakatoa watu watano. Bedard akaumia, msimu mzima kaanza mechi 15, timu ikapoteza mechi 101. Na wale watano? Watatu kati yao, Adam Jones, Chris Tillman na George Sherrill, wakaja kuchaguliwa timu ya nyota wakiwa Baltimore, Jones peke yake mara tano.

Lakini nako kuna upande wa pili, na hapa nagombana na mpwa wangu kila siku mana yeye kila mtoto wa ligi ndogo kwake ni Ichiro. Ile biashara ya kumtoa Canó ndo iliyomleta Jarred Kelenic, kila mtu akasema huyu ndo wa miaka kumi ijayo, haikuwa, Disemba 2023 akapelekwa Atlanta. Mimi kipimo changu ni hiki, kama timu ina mapengo mawili na mtu anayekuja ana miaka miwili au zaidi kwenye mkataba, toa mtoto. Kama mapengo ni manne na anayekuja kabakisha miezi sita, kaa na watoto wako.

Pesa si zako, ila zihesabu

Hakuna kikomo cha mishahara besiboli, kuna kodi tu kwa timu inayopita kiwango, 2025 ilikuwa dola milioni 241. Kwa hiyo tajiri akisema "hatuwezi" mara nyingi maana yake "sitaki", usimtetee, huyo si ami yako. Ila pia usidanganyike na tarakimu kubwa. Nyota Shohei Ohtani kasaini Dodgers Disemba 2023 dola milioni 700 kwa miaka kumi, watu wakashika vichwa, kumbe milioni 680 zinalipwa baadae, kuanzia 2034 mpaka 2043, kwa sasa anachukua milioni mbili kwa mwaka. Dodgers wakachukua ubingwa 2024 na 2025. Mets nao Disemba 2024 wamempa Juan Soto milioni 765 miaka 15, Soto kapiga homurani 43, Mets hawakuingia mtoano. Pesa ileile, kapu tofauti.

Na usajili mzuri kuliko wote mara nyengine ni wa mtu ambaye yuko tayari ndani ya nyumba. Machi 2025, msimu unakaribia kuanza, Mariners walimuongezea mdakaji wao Cal Raleigh miaka sita kwa dola milioni 105. Hapa barazani habari ile ilichukua dakika mbili tukarudi kwenye bei ya vitunguu. Mwaka huohuo kapiga homurani 60, hakuna mdakaji aliyewahi.

Ukishafika barazani

Usianze wewe. Subiri muuza kahawa agawe vikombe vya mwanzo, mwenye hasira aseme ya kwake amalize, mana ukimkatiza mtu mzima hata uwe na haki utaonekana huna adabu. Halafu usiseme "nyinyi hamjui". Sema "ami, mimi nna suali dogo, huyu kaja kucheza wapi?" Uliza hivo kwa upole na uache kimya kikae. Tisa kati ya kumi hawana jibu, walisikia jina tu.

Mtu akikuletea tetesi muulize imesemwa kuwa "wanazungumza", "wako karibu" au "wamekubaliana". Ni vitu vitatu. Kuzungumza timu zote 30 zinazungumza na kila mtu. Mimi nimeshawahi kumpokea mchezaji kwa shangwe mtaa mzima, na juisi ya miwa nimenunua, kesho yake kasaini kwengine. Sitaki kuisimulia zaidi ya hapo.

Na kama umekosea, kosea kwa sauti ileile uliyosemea. Kuna jamaa mmoja hapa, fundi cherehani, kila timu ikishinda yeye "nilisema" na ikifungwa hajawahi kuwepo. Ndo kwa ajili yake tukaanzisha daftari.

Daftari

Daftari la skuli la kurasa 48 linatosha. Kila mwenye maoni ya usajili anaandika mwenyewe kwa mkono wake, tarehe, jina la mchezaji, neno moja kati ya mawili, "sawa" au "kosa", na sababu isiyozidi mstari. Sababu ni lazima. Bila sababu haihesabiwi. Baada ya hapo kufuta hakuna, kuongeza "lakini" hakuna. Mwisho wa Septemba linafunguliwa mbele ya watu, aliyekosea zaidi anawalipia wote kahawa wiki nzima. Msihukumu Aprili. Aprili mtu anaweza kupiga kama Ichiro na Juni akawa yuko ligi ndogo, tulishamlipisha mtu mwezi wa nne ikabidi tumrudishie.

Sisi ya msimu wa 2026 tumeshaandika. Mimi nimeandika Josh Naylor besi ya kwanza, dola milioni 92.5 miaka mitano, sawa, mana lile lilikuwa duara langu nambari moja, na mtu mwenye mbio ndogo kama zake kuiba besi 30 kwa msimu, yani kukimbilia besi ya mbele kabla mpira haujapigwa, maana yake ana akili, ingawa ile miaka miwili ya mwisho naiogopa, atakuwa 32 na 33. Jorge Polanco kuachwa aende Mets kwa milioni 40 miaka miwili nimeandika kosa, huyo ndo aliyepiga mpira wa ushindi zamu ya 15 (tisa ziliisha sare zikaongezwa) tulipowatoa Detroit, gongo lake tutalililia Julai. Fundi cherehani kaandika "sawa" kwenye yote na sababu kaweka "Inshallah", tumemrudishia.

Ami alikataa kuandika wiki nzima. Juzi baada ya laasiri kaja, kaomba kalamu nyekundu, kavaa miwani, kaandika mstari mmoja chini ya wangu halafu kafunga daftari haraka. Nikalifungua. "Bazardo kubakishwa, sawa. Sababu, atatuvusha." Sasa liko kwa muuza kahawa, ndani ya mfuko wa vikombe, na kashasema halitoi mpaka Septemba hata aje nani.